Nyimbo Tano kwa Mkono Mmoja

Katika chumba kile cha ushonaji saa ya ukutani ilikuwa pambo tu. Mishale yake ilikwama zamani kwenye saa nne na robo, na hakuna aliyehangaika kuitengeneza, kwa maana kazi yote ilipimwa kwa nyimbo. Pindo la pazia, nyimbo mbili. Suruali ya shule, nyimbo saba. Mkono wa joho la mahafali, nyimbo tano. Fundi mgeni aliyeuliza "ni dakika ngapi?" alichekwa mpaka akajuta. Spika ndogo nyekundu ilikaa juu ya kabati la nyuzi, ikipiga nyimbo fupi za kuchangamka tangu asubuhi, na miguu ikacheza juu ya pedali kama ya watu walio ngomani. Wimbo ukiisha, mashine zote zilinyamaza pamoja, pumzi moja tu, kisha wimbo mwingine ukaingia na mashine zikanguruma tena.

Sheria ya chumba ilikuwa moja: anayeongoza ndiye anayeshika spika. Miaka yote spika ilikuwa ya Bosi, na Bosi alipenda nyimbo za mwaka huu. Wimbo ukifikisha mwaka wa pili aliuita kiporo. Lakini Jumatatu ile asubuhi Bosi alisimama mlangoni na begi begani, akielekea kuipanga karakana yake ya pili, na spika akamkabidhi Umeme.

Umeme lilikuwa jina la kazini. Alilipata kwa ajili ya mguu wake wa kulia, ambao ukikanyaga pedali, mshono unakimbia kama unafukuzwa. Nyumbani alikuwa mke wa mtu na, kwa miezi minane sasa, mama wa bwana mdogo mwenye meno mawili. Alikuwa amerudi kazini mwezi uliopita tu.

"Majoho arobaini," alisema Bosi. "Ijumaa jioni chuo wanakuja kuyachukua, Jumamosi watoto wa watu wanayavaa. Nikirudi Ijumaa mchana nikayakuta yote arobaini, na marinda yamesimama wima, wewe ndiye kiongozi wa chumba hiki. Nikikuta vingine, nitaleta mtu kutoka nje. Sitaki kukuficha."

"Hujanificha, Bosi. Nenda salama, urudi salama."

"Huogopi?"

"Nitaogopa Ijumaa, nikipata nafasi."

Kiongozi wa chumba alifunga kazi saa kumi. Mafundi wengine walibaki mpaka nguo ya mwisho ya siku, na Umeme alikuwa amechoka kumkuta mwanawe ameshalala, akambusu kwenye paji la uso kama mgeni aliyefika harusini watu wakikunja viti. Alikitaka cheo kile waziwazi, bila haya. Aliamini anakiweza.

Ila kulikuwa na jambo ambalo Bosi hakulijua. Masikio ya Umeme yalikuwa yamehama.

Haikuwa mara yake ya kwanza kuhama. Alipokuwa darasa la tatu alipenda nyimbo za kupiga makofi walizozipenda dada zake, kwa sababu tu dada zake walizipenda. Alipovunja ungo akapenda za mahaba. Akanakili maneno yake kwenye daftari la jiografia, ukurasa wa mito na maziwa ukajaa machozi ya watu asiowajua. Alipoanza kazi akapenda za mdundo, na kadiri zilivyogonga ndivyo alivyofurahi. Na zile za zamani, za magitaa, zinazokwenda dakika tisa kama hotuba ya mgeni rasmi, alizicheka sana. "Wimbo gani huo unaanza leo unaisha kesho?" alikuwa akisema.

Kisha akajifungua. Nyuma ya ukuta wa chumba chao kulikuwa na seremala, na seremala alikuwa na redio, na redio ile haikujua kitu kingine ila magitaa. Wiki ya kwanza Umeme alimtuma mumewe akaombe ipunguzwe sauti. Wiki ya pili aligundua kwamba mtoto, aliyelia mchana kutwa, alinyamaza gitaa lilipoanza. Wiki ya tano kulikuwa na adhuhuri moja ambapo mtoto amelala fofofo, nepi zimeanikwa, na seremala amezima redio akaenda kula. Umeme akajikuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akisubiri aiwashe.

Alijicheka peke yake siku hiyo. Alikuwa ameanza kusikia vitu: kwamba lipo gitaa linaloongoza na jingine chini yake linaloliitikia, na hayakatizani, kwamba mwimbaji hajitomi tu, hungoja apishwe, kwamba dakika ya sita, pale alipokuwa akidhani wimbo umeshakwisha, ndipo unapofunguka kama mlango wa chumba ambacho mtu hakujua kimo nyumbani mwake. Hakuwa amezeeka. Alikuwa amejifunza kusubiri, na mama anayenyonyesha anajua kwamba kusubiri si kusinzia.

Basi Bosi alipopinda kona, Umeme aliunganisha simu yake na spika, akaweka wimbo wa magitaa.

Wa kwanza kuinua kichwa alikuwa Kidomo, mshonaji wa mikono ya majoho, rafiki yake wa miaka sita na mdomo wa chumba kizima.

"Ee! Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Sikiliza."

"Nisikilize nini, mwenzangu? Jamani, leo Umeme umekatika!"

Chumba kikaangua kicheko. Hata Dada wa Pasi, mwanamke mkimya aliyesimama kwenye meza ya kunyooshea kule pembeni, alificha tabasamu nyuma ya mvuke. Umeme akacheka nao, kwa maana mzaha mzuri ni mzuri hata ukikuangukia. Kisha akamgeukia Mzee Mkasi, mkata vitambaa, ambaye mvi zake zilianza kabla wenzake hawajazaliwa.

"Mzee wangu, nitetee. Hizi si nyimbo za wakati wako?"

"Ndiyo sababu nazichukia," alisema Mzee Mkasi, macho kwenye chaki. "Niliwahi kumtongoza mtu wimbo kama huo ukipigwa. Ulipoisha alikuwa ameshaolewa na mwingine."

Wakacheka mpaka mafundi wawili wa kuunganisha, mke na mume ambao asubuhi ile walikuja wamenuniana, wakajikuta wanatazamana. Lakini spika ilikuwa ya Umeme, na sheria ni sheria. Mashine zikaanza.

Kazi ilikwenda vizuri, au hivyo walivyodhani. Hakuna aliyesinzia, hakuna aliyetoka nje ovyo. Kidomo alishona mkono wa kwanza, akahesabu nyimbo tano kama siku zote, akachukua wa pili. Alijiona ana nafasi ya kutosha siku hiyo. Akanyoosha mahameli kwa kiganja, akaweka pini, akasimulia habari za jirani yake na mbuzi. Umeme alikuwa kwenye vifua vya majoho, akipiga marinda, kumi na mawili kwa kila kifua, membamba kama kurasa. Kifua kimoja kilikuwa nyimbo kumi. Alishona huku mwili wake wote ukisikiliza, na mara mbili alijikuta amefika mwisho wa rinda bila kukumbuka alivyofika.

Mashine zilipozimwa jioni, Dada wa Pasi alihesabu majoho kwenye bomba la kutundikia.

"Manne," alisema.

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara tatu. Labda nihesabu na ya kesho."

Walihitaji kumi. Umeme akawatazama wenzake mmoja mmoja, na Kidomo akanyanyua mikono juu.

"Mimi usinitazame hivyo! Mkono mmoja nyimbo tano, sikuzidisha hata mmoja. Niapishe."

"Hata sisi," alisema fundi mume. Mkewe akatikisa kichwa kukubali. Siku ile lilikuwa jambo lao la kwanza kukubaliana.

"Rudisha nyimbo za watu," Kidomo akasema, sasa kwa sauti ya chini, ya urafiki. "Hizi zina mkosi. Cheo kisije kikakupita kwa ubishi wa masikio tu. Na ukiletewa bosi wa nje, sote tumekwisha."

Umeme alikuwa amekishika kifua cha joho la kwanza, akikiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Na hapo ndipo palipomuuma, kwa sababu marinda yale yalikuwa mazuri kuliko yoyote yaliyowahi kutoka chumbani mle. Siku zote, panapoishia wimbo, mguu uliachia pedali na mkono ukalegea kidogo, na hapo hapo rinda likapinda, kiasi cha unywele. Bosi alizijua kona zile ndogo. Alikuwa amezifumua kwa wembe mara nyingi, akilaani uzi, akilaani sindano. Leo hazikuwapo. Mistari kumi na miwili, wima, kama mvua isiyo na upepo.

Basi ni lipi? Nyimbo fupi, majoho kumi na marinda yaliyopinda. Nyimbo ndefu, marinda yaliyonyooka na majoho manne. Kwa vyovyote Ijumaa ingemkuta uchi.

Alirudi nyumbani na swali hilo. Kabla hajavua viatu alisikia kelele: mdundo wa kupasua vikombe, kijana mmoja akifoka juu yake kama anadai haki. Akafungua mlango akasimama.

Mama mkwe wake, mwanamke aliyeimba sauti ya pili katika kwaya kwa miaka arobaini na aliyewahi kuziita nyimbo za vijana "vita vya sufuria", alikuwa anacheza. Mabega yalikwenda, kitambaa cha kichwa kimeteleza, kijiko cha uji mkononi. Mtoto, bado yu macho, alikuwa amefungwa kwenye kiti chake kwa kanga, akicheka kwa meno yake yote mawili.

"Mama!"

"Funga mlango, watu wasinione." Akapunguza sauti, bila haya hata kidogo. "Mwanao hali uji bila hii. Nimejaribu kwaya, anafumba mdomo. Nimejaribu za kwako za magitaa, anakula vizuri lakini anasinzia kijiko kikiwa kinywani. Hii ya kelele ndiyo yake."

"Na wewe, mama?"

"Mimi?" Bibi akafikiri, akitazama kijiko. "Wiki ya kwanza nilivumilia. Wiki ya pili nikaona huyu kijana anayefoka ana maneno. Kuna mahali anamwimbia mama yake, akina sisi hatukuwahi kuambiwa hivyo na mtu. Sasa nikiikosa mchana naona siku haijakamilika. Usimwambie mumeo."

"Na kwaya?"

"Kwaya iko palepale, imeniondokea lini? Jumapili mimi na sauti yangu ya pili. Kwani moyo ni kiti cha mtu mmoja?" Akamtia mtoto kijiko. "Ila zina kasoro, fupi mno. Bakuli hili ni nyimbo nne. Nikiweka za kwako, wimbo mmoja na nusu tu bakuli limekwisha na ameshafutwa uso."

Umeme, aliyekuwa amekwisha kumpakata mwanawe, akasimama katikati ya chumba.

"Sema tena, mama."

"Nimesema usimwambie mumeo."

"La, hilo la bakuli."

"Bakuli ni lilelile, mwanangu, uji ni uleule. Nyimbo ndizo zina urefu mbalimbali. Una nini?"

Umeme alianza kucheka. Alicheka mpaka mtoto naye akacheka kwa kuambukizwa, mpaka akalazimika kukaa. Mkono mmoja, nyimbo tano! Siku nzima, watu sita, mafundi wenye akili zao timamu, walihesabu nyimbo za dakika tisa kana kwamba ni za dakika tatu na nusu. Na yeye kiongozi mtarajiwa, aliyefaulu hesabu za sehemu tangu shuleni, alikuwa ameketi juu ya kosa lilelile, akipiga marinda kwa nyimbo kumi na kusifu magitaa.

Jumanne alifika wa kwanza. Wenzake walipoingia walikuta meza ya kukatia imeandikwa kwa chaki, herufi kubwa: KIFUA, ndefu nne. MKONO, fupi tano. PINDO, fupi mbili.

Akawaeleza. Wakajipima kama wakasirike au wacheke. Mzee Mkasi ndiye aliyetangulia kusema.

"Yaani jana tulikuwa tunapima kitambaa kwa futi iliyovutika."

"Ndivyo, mzee wangu. Na mvutaji nilikuwa mimi. Nisameheni."

"Basi yameisha," alisema Kidomo, mkono ukienda kwenye spika. "Turudi kwenye za kwetu."

"Acha hapo."

Umeme hakupandisha sauti. Akaenda kwenye bomba, akateremsha joho moja la jana na jingine la zamani lililobaki kama mfano, akayatandaza meza moja. "Njooni muone. Hili limeshonwa kwa fupi. Mnaona linavyopinda hapa, na hapa, na hapa? Hapo ndipo wimbo ulipokata na miguu yetu ikakata nao. Hili la jana. Nionyesheni palipopinda."

Wakatafuta. Fundi mke akavaa miwani. Hakuna aliyepaona.

"Kwa hiyo asubuhi, akili zikiwa mbichi, ni ndefu, na ni marinda tu," alisema Umeme. "Kidomo, unahamia vifuani pamoja nami. Mchana, ndefu zinakaa pembeni, zinakuja fupi, sote tunaingia kwenye mikono na mapindo, na hapo mimi mwenyewe nitataka zile zinazogonga zaidi. Majoho kumi na mawili kwa siku, siku tatu, na manne ya jana. Yanatosha arobaini."

"Mimi? Marinda?" Kidomo akashika kifua. "Kwa miziki ya kusubiri maiti?"

"Wewe. Mkono wako ni mzuri kuliko unavyosema, na mdomo wako ni mbaya kuliko unavyodhani."

"Na nikizichukia mpaka Ijumaa?"

"Uzichukie. Lakini ushone nazo."

Asubuhi ile Kidomo alishona kifua cha kwanza akiguna kila dakika. Cha pili aliguna mara moja moja. Umeme hakumfundisha kusikiliza. Alimfundisha kushika kitambaa kwa kidole cha shahada na kuuacha mguu uende. Ila mara moja, bila kugeuka, alimwambia, "Rinda likikushinda, lifuate lile gitaa la chini. Lile halina haraka na mtu." Kidomo akasema hasikii gitaa lolote la chini, na akafyonza.

Mchana nyimbo fupi zilirudi, na chumba kikapiga mayowe kama watu waliofunguliwa geti. Umeme aliuangusha mguu kwenye pedali na mshono ukakimbia kama zamani. Alishangaa jinsi alivyozifurahia. Alidhani ameziacha, kumbe zilikuwa zimemngoja tu, na sasa zilikuwa tamu zaidi: masikio yale yaliyofunzwa na magitaa yalisikia chini ya mdundo kitu kidogo, kengele fulani, ambayo katika miaka yote ya kuzicheza hakuwahi kujua imo.

Jumanne yakatoka kumi na mawili. Jumatano kumi na mawili. Alhamisi sindano mbili zilivunjika na fundi mume akaunganisha mkono wa kushoto upande wa kulia. Mkewe akaufumua akimwita majina ambayo yalikuwa, ukiyasikiliza vizuri, ya mapenzi. Walikuwa kwenye kifua cha mwisho wimbo mrefu ulipoishia, spika ikanyamaza, na Umeme akasikia mtu anaendelea. Kidomo, ulimi kwenye pembe ya mdomo, macho kwenye sindano, alikuwa ananung'unika sauti ya gitaa, na wala si lile linaloongoza.

Umeme aliuma midomo. Kuna ushindi ambao ukiutangaza unakimbia.

"Nini?" alisema Kidomo, akiinua kichwa. "Mbona mnanitazama? Wekeni wimbo, nina rinda hapa."

Bosi alifika Ijumaa kabla ya saa nane. Hakusalimu sana. Alivua saa ya mkononi isikwaruze vitambaa, akaanza upande wa kushoto wa bomba, joho moja baada ya jingine, akivuta kila kifua kwenye mwanga, akipitisha kucha juu ya marinda. Mafundi walisimama nyuma ya mashine zao. Umeme alisimama mbele yao, na kama alivyokuwa ameahidi, aliogopa kidogo.

Kwenye joho la kumi na tano Bosi alitafuta wembe mfukoni, kwa mazoea. Kwenye la ishirini na tano akaurudisha. Kwenye la arobaini akageuka.

"Ulikuwa unafumua usiku?"

"Hatujafumua rinda hata moja, Bosi. Mkono mmoja tu, na huo una wenyewe."

"Mlishonaje?"

Umeme akamwonyesha meza, chaki ikiwa bado palepale, akamsimulia kila kitu, pamoja na Jumatatu na majoho yake manne. Hakuificha Jumatatu. Bosi alisoma mara mbili, mdomo umekunjwa.

"Ndefu zenyewe ni zipi? Za magitaa? Zile anazozipiga baba yangu?"

"Labda ndizo."

"Mimi sizipendi."

"Sikutegemea uzipende leo," alisema Umeme.

Kidomo alikohoa. Bosi alimtazama Umeme, akamtazama Kidomo, akayatazama tena majoho, arobaini, meusi, yamenyooka kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Kisha akavaa saa yake.

"Jumatatu nina sare za wauguzi, themanini," alisema. "Kitambaa kigumu, vifungo vingi. Chumba ni chako. Mimi nikija hapa nitabisha hodi." Alipofika mlangoni akaongeza, "Na saa kumi ukishafunga, ufunge kweli. Mtoto hakui mara mbili."

Mlango ulipofungwa Kidomo alirusha kanda ya kupimia hewani, fundi mke akapiga vigelegele, na Mzee Mkasi akauliza kama sasa, kwa kuwa kiongozi ni mwenye huruma, yale magitaa yanaweza kupumzishwa mwezi mmoja. Umeme aliwaacha wamalize. Alikuwa amekwisha kuanza kuzifikiria sare zile: kitambaa kigumu, matundu ya vifungo, kazi ya kusimama na kuanza, kusimama na kuanza. Kwa kazi hiyo ndefu zisingefaa. Fupi nazo, alizozijua, zisingefaa, zilikuwa na haraka mno kwa kitambaa kigumu. Alipitia kichwani kila wimbo alioupenda tangu darasa la tatu, na hakuona hata mmoja.

"Sikilizeni," alisema. "Nani hapa ana wimbo ambao sisi wengine hatujawahi kuusikia? Wowote. Wa kwao, wa kanisani, wa msikitini, wa mpira, wa kulelea."

Wakatazamana. Kule pembeni mvuke ulipanda, ukashuka, na Dada wa Pasi akaiweka pasi kando, taratibu.

"Mimi ninao," alisema. "Lakini mtacheka."

"Tutacheka," alisema Umeme, akimnyooshea spika. "Weka."